Kazi ya Kutazama Maji

Kijana anayekuja kwetu kuomba kazi ya uokoaji baharini huanza kwa kutueleza anavyojua kuogelea. Amevuka mkono wa bahari wa Tudor hadi ng'ambo, amezamia pweza mwambani, amekaa chini ya maji hata wenzake wakaanza kupiga kelele. Namsikiliza kwa heshima, maana mengi ni kweli. Wapo watoto wa Mombasa walioijua bahari kabla ya kuijua alifu. Akimaliza namketisha mchangani, uso kwenye maji, namwambia awatazame waogaji na asiondoe macho mpaka nimwite. Wengi huangukia hapo. Haupiti muda, shingo inageuka: simu imetetema, muuza madafu amepita, rafiki amemwita. Aliyeogelea vizuri kuliko wote asubuhi anaweza kuwa wa kwanza kupoteza hesabu ya vichwa.

Kuchagua na kufundisha waokoaji ndiko kulikonilisha sehemu kubwa ya umri wangu. Kadiri ninavyoisoma historia ya kazi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba haikuanzishwa na waogeleaji. Waogeleaji walikuwapo zamani zote, katika kila pwani na kila ziwa. Kazi ilianza pale watu walipokubali kumlipa mwenzao akae akitazame kile ambacho kwa siku nyingi hakitatokea.

Uholanzi, mjini Amsterdam, chama cha kuokoa wanaozama kilianzishwa mwaka 1767, kwa sababu mji ule ni wa mifereji na watu walikuwa wakitumbukia usiku. Chama kilitoa zawadi kwa yeyote atakayemtoa mtu majini na kumrudishia pumzi. Ilikuwa hatua kubwa, na London waliiga mwaka 1774. Lakini zawadi huja baada ya tukio. Haimweki mtu ukingoni kabla mtoto hajateleza. Wachina walikuwa wametangulia kwa hilo: Zhenjiang, kando ya mto Yangtze, chama cha kuokoa maisha kilikuwapo tangu 1708, na mashua zake nyekundu zilijulikana mtoni kwa kazi hiyo tu, miaka nenda miaka rudi. Mashua inayongoja na mtu anayengoja ni gharama, na gharama ya kungoja ndiyo iliyopingwa kila mahali, hata leo.

Mahali ninapopenda kuwapeleka vijana wangu darasani, kabla hawajalowa, ni pwani ya North Carolina, Marekani, katika miaka ya 1870. Ni pwani ya mchanga mwembamba unaoanzia popote na kuishia popote, na meli zilikuwa zikipanda mafungu yake kila msimu wa dhoruba. Serikali ilikuwa imejenga vituo vya uokoaji, kila kimoja na mashua yake, kamba zake na kikosi kidogo. Tarehe 24 Novemba 1877, meli ya kivita iitwayo Huron ilipanda mchangani karibu na Nags Head. Kituo kilikuwa hapo jirani, lakini mlango ulikuwa na kufuli. Msimu wa kazi ulikuwa uanze tarehe 1 Desemba, na mpaka siku hiyo waokoaji walikuwa majumbani mwao bila mshahara. Watu 98 walikufa.

Haikupita miezi mitatu, tarehe 31 Januari 1878, meli nyingine, Metropolis, ikavunjika pwani hiyo hiyo. Safari hii vituo vilikuwa wazi na wenyewe walikuwapo. Walichelewa kufika, na walipofika vifaa vyao vikawashinda mikononi. Watu 85 wakafa mbele ya macho ya waliokuja kuwaokoa. Nawaambia vijana wazitazame meli hizi mbili kwa pamoja, kwa sababu ya kwanza ilikosa watu na ya pili ilikosa mafunzo, na aliyekufa hakuona tofauti. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likaipa huduma ya uokoaji sheria yake na fedha zake, chini ya Sumner Kimball, mtu wa ofisini ambaye hakuwa baharia lakini alijua kuandika kanuni na kuhakikisha zinafuatwa. Kila kituo kikawa na ratiba ya juma: Jumanne mashua, Jumatano bendera za ishara, Alhamisi mzinga mdogo wa kurushia kamba hadi melini, Ijumaa namna ya kumrudishia pumzi aliyezama. Usiku walitembea ufuoni, na mtu wa kituo kimoja alipokutana katikati na mtu wa kituo cha jirani walibadilishana vibati vya shaba, iwe ushahidi kwamba kila mmoja amefika alikotakiwa. Kibati kile nakipenda sana. Mtu aliyekibuni alielewa kwamba kutazama ni kazi inayoweza kudanganywa kwa urahisi kuliko kazi yoyote.

Na ilidanganywa. Tarehe 30 Novemba 1879, meli ya M&E Henderson ilivunjika karibu na kituo cha Pea Island, katika pwani hiyo hiyo, na watu wakafa. Uchunguzi ukaonyesha kuwa doria haikufanywa ilivyopaswa, na mkuu wa kituo akafukuzwa. Aliyependekezwa kushika nafasi yake, mwanzoni mwa 1880, alikuwa Richard Etheridge, mtu mweusi, aliyezaliwa mtumwa katika kisiwa cha Roanoke mwaka 1842, akapigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani upande wa Kaskazini, akarudi kwao kuvua samaki. Katika vituo vya wakati ule watu weusi walishika nafasi za chini kabisa, na Etheridge mwenyewe alikuwa wa mwisho katika orodha ya kituo chake. Afisa aliyempendekeza alitazama kitu kimoja: nani anayejua mawimbi haya kuliko wengine.

Weupe wa kikosi hawakukubali kuamriwa na mtu mweusi, wakaondoka. Etheridge akakusanya weusi waliokuwa wametawanyika katika vituo vya jirani, na Pea Island ikawa kituo cha kwanza nchini humo chenye mkuu na kikosi cha watu weusi watupu. Haikuchukua miezi mingi kituo kikateketea kwa moto ulioshukiwa kuwa wa kutiwa. Wakajenga kingine. Etheridge akawa mkali katika mazoezi hata sifa zake zikaenea pwani yote; alijua kwamba kosa ambalo kwa wengine lingeitwa bahati mbaya, kwake lingeitwa tabia ya weusi.

Tarehe 11 Oktoba 1896 kimbunga kiliisukuma merikebu E. S. Newman mpaka kwenye mchanga karibu na kituo chao. Ndani walikuwamo watu tisa, akiwamo nahodha, mkewe na mtoto wao mdogo. Bahari ilikuwa imefunika ufuo kiasi kwamba doria ya miguu ilikuwa imesitishwa, na hapa ndipo kisa kinaponigusa mimi niliye katika kazi hii: Theodore Meekins, mmoja wa kikosi, hakuacha kutazama kutoka kituoni, na kupitia mvua na giza akaona ishara ya moto. Wakaburuta gari la vifaa na nyumbu wao kupitia maji. Walipofika, mzinga wa kamba haukufaa kitu, maana mchanga ulikuwa umelowa na haukushika nanga ya kuukazia. Etheridge akawafunga watu wake wawili pamoja kwa kamba, kamba nyingine ndefu ikabaki mikononi mwa wenzao ufuoni, wakaogelea hadi melini. Wakarudi na mtoto kwanza. Waliochoka walipumzishwa, wawili wengine wakaingia. Walikwenda na kurudi hivyo mpaka wote tisa wakawa nchi kavu.

Etheridge alifariki mwaka 1900 akiwa bado mkuu wa kituo. Kituo kiliendelea kuwa na kikosi cha watu weusi hadi kilipofungwa mwaka 1947. Medali ya dhahabu ya uokoaji waliyostahili ilitolewa mwaka 1996, miaka 100 baada ya usiku ule, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai kuipokea. Kila nikisimulia hapa darasa hunyamaza, na mimi huwaacha wanyamaze.

Hao walikuwa waokoaji wa mabaharia. Mwokoaji wa waogaji, huyu wa filimbi na boya, alikuja pale watu wa miji walipoanza kwenda pwani kwa starehe. California walimpata George Freeth, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1883, mwenye damu ya Hawaii kwa mamaye, akaletwa bara na wafanyabiashara wa ufuoni ili watu waje kumwona akisimama juu ya mawimbi kwa ubao. Yeye akaitumia nafasi hiyo kufundisha vijana wa pale kuokoa. Desemba 1908, katika dhoruba ya Venice, aliruka baharini tena na tena kuwafuata wavuvi wa Kijapani waliokuwa wakielekea kuangamia, akapewa medali ya dhahabu. Mei 1918, katika ufuo wa Ocean Beach mjini San Diego, watu 13 walikufa maji kwa siku moja, wengi wao askari waliokuja kupumzika. Baada ya mazishi ndipo mji ukamwajiri Freeth. Mwaka uliofuata, Aprili 1919, mafua makubwa yalimuua akiwa na miaka 35. Kisa cha San Diego nakiona kikijirudia katika kila nchi ninayosoma habari zake: kwanza msiba, kisha ajira.

Australia walifika huko kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 kuoga baharini mchana kulikuwa bado kunakatazwa na sheria katika sehemu za Sydney, na sheria ilipolegezwa watu walimiminika kwenye maji wasiyoyajua. Wenyeji wenyewe wakaunda vyama. Bondi wakaanzisha chao mwaka 1907, na kijana wao Lyster Ormsby alibuni gurudumu kubwa la kuzungushia kamba. Inasimuliwa kwamba mfano wa kwanza aliutengeneza kwa roli ya uzi na pini za nywele. Mwokoaji alivaa mkanda uliofungwa kamba ile, akaogelea hadi kwa anayezama, na wenzake ufuoni wakawavuta wote wawili. Kwa kuwa mmoja akikosea kamba hujikunja na kumzamisha mwenzake, walifanya mazoezi kwa gwaride, kila mtu na namba yake, kila hatua na amri yake. Tangu 1910 aliyefaulu mtihani alipewa medali ya shaba, na jina la medali hiyo bado ndilo jina la cheti chao hadi leo. Wengi hawakulipwa. Walikuwa makarani, mafundi na wanafunzi, na malipo yao yalikuwa heshima ya kuwa miongoni mwa wachache.

Siku iliyowapima ni 6 Februari 1938. Ilikuwa Jumapili ya joto, Bondi imejaa. Mawimbi matatu au manne makubwa yakafuatana bila kupisha, na maji yaliporudi yakawakokota mamia ya watu waliokuwa wamesimama kwenye fungu la mchanga, yakawatupa penye kina. Bahati ikawa kwamba wanachama wengi wa chama walikuwa ufuoni kwa ajili ya mashindano yao. Waliingia kwa mikanda, kwa mbao, na wengine mikono mitupu. Walipambana pia na waliozama wenyewe, walioing'ang'ania kamba mpaka haikuvutika. Zaidi ya watu 200 walitolewa majini, watano wakafa. Chama kilichoanza na pini za nywele kikawa kimeonyesha kwamba mazoezi ya kila Jumapili, yale yanayoonekana kama maonyesho ya watalii, yana siku yake.

Sikai sana kwenye habari za kurudisha pumzi, ingawa darasani zinatuchukua muda mwingi kuliko zote. Itoshe kusema kwamba kwa miaka mingi waokoaji wa dunia nzima walifundishwa kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongo, wakapewa vyeti kwa hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Peter Safar, huko Baltimore, alionyesha kwa majaribio kwamba hewa inayoingia kwa njia hizo haitoshi, na kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo inatosha. Mwaka 1960 kukaongezwa kukandamiza kifua. Vyeti vya jana vikawa karatasi. Nawataka vijana wajue hili ili mtu akija na elimu mpya kesho wasimwambie, sisi tulifundishwa vingine.

Mabadiliko makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalitoka kwa mwokoaji wa kawaida wa ufuo wa Orchard Beach, mtaa wa Bronx, New York. Frank Pia alifanya kazi pale miaka 21. Alianza kupiga filamu watu waliokuwa wakizama kweli kweli na kuokolewa, kisha akaketi kuzitazama. Alichokiona kilipingana na picha tuliyo nayo wengi vichwani. Anayezama hapigi kelele, kwa sababu mdomo wake uko juu ya maji kwa nukta chache tu, na nukta hizo anazitumia kuvuta pumzi. Hapungi mkono, kwa sababu mikono yake imetanuka pande mbili ikiyakandamiza maji apate kuinuka. Miguu haimsaidii. Amesimama wima, kimya, na kwa kawaida ana kati ya sekunde 20 na 60 kabla hajakwenda chini. Watu walio karibu naye huendelea kucheza.

Sisi tuna methali mbili juu ya jambo hili. Moja husema mfa maji haachi kutapatapa, na ndiyo inayopendwa. Nyingine husema mfa maji hukamata maji. Hiyo ya pili ilitungwa na mtu aliyewahi kuona. Siku ninapowaonyesha vijana jinsi mikono ya anayezama inavyolala juu ya maji na kuyabonyeza, kuna mmoja kila mara, aghalabu mtoto wa mvuvi, anayeitamka methali hiyo kabla yangu.

Frank Pia aliandika baadaye kwamba watu hufa mbele ya waokoaji kwa sababu tatu: mwokoaji hakutambua, au alipewa kazi nyingine, au alivurugwa mawazo. Hiyo ya kazi nyingine inaniuma hadi leo. Nimefanya kazi mahali ambapo mwokoaji aliagizwa kupanga viti vya wageni, kukusanya taulo, kumpeleka mgeni kuona kasa, kwa kuwa mwenye mahali alimwona ameketi na akadhani hana kazi. Siku moja kijana wangu aliitwa kusaidia kubeba meza, na mtoto wa miaka sita akatolewa majini na mama muuza vitambaa aliyekuwa akipita na mzigo wake kichwani. Mtoto alipona. Mwenye mahali alimpa yule mama asante, na kesho yake meza zikabebwa tena.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao vitabu vya kujisifu huupitia mbio: nani aliyeruhusiwa kuchaguliwa. Vyama vile vya Australia, pamoja na sifa zao zote, havikuwaruhusu wanawake kuchukua medali ya shaba na kushika doria mpaka mwaka 1980. Walikaanga vitafunio na kuchangisha fedha, huku wakiogelea vizuri kuliko kaka zao. Kisha Desemba 2005, katika ufuo wa Cronulla, Sydney, ugomvi kati ya waokoaji na vijana wenye asili ya Mashariki ya Kati uligeuka moto. Tarehe 11 umati wa maelfu ukakusanyika ufuoni na kuwapiga watu kwa sura zao. Waliokaa kutafuta dawa walifanya jambo la busara: wakaanza kuandikisha vijana Waislamu wa mitaa ile wafunzwe uokoaji. Msichana mmoja, Mecca Laalaa, akakubali, kwa sharti la stara yake. Mshonaji wa Sydney, Aheda Zanetti, alikuwa tayari amebuni vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa, akashona la rangi nyekundu na manjano za waokoaji. Mwaka 2007 Laalaa alikuwa doriani na medali yake.

Vazi la namna hiyo limefika kwetu. Unguja, katika kijiji cha Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuelea, kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima, na waliohitimu wakawafundisha wenzao. Picha za wasichana wa Shule ya Msingi Kijini wakielea katika maji ya Muyuni, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia ilizisifu kwa uzuri wake. Mimi niliangalia mkono wa mwalimu, jinsi unavyoshika kisogo cha mwanafunzi kisha kulegea kidogo kidogo, na nikajua wanafundishwa vyema.

Baba mmoja wa Kisauni alikuja kunitafuta baada ya bintiye kujiandikisha. Aliamkia vizuri, akaketi, akakaa kimya. Hatimaye akasema, "Mwalimu, mimi sina neno na bahari. Nauliza atavaa nini, na atamshika nani." La kwanza nilimjibu kwa kumwonyesha vazi. La pili nilimjibu kwa kumwonyesha boya, lile jekundu refu lenye mkanda wa begani. Mwokoaji aliyefunzwa huligawa boya lile: yeye upande huu, anayezama upande ule. Humsukumia, husubiri alikumbatie, ndipo amvute. Kumpa mkono anayezama ni kumpa ngazi ya kupandia, na wewe ndiye ngazi. Yule baba aliligeuzageuza boya, akauliza bei yake, akaniruhusu.

Katika pwani yetu, uokoaji umefanywa na wavuvi kwa muda wote bila jina wala mshahara. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba, wavuvi wa Nungwi na mashua za wazamiaji za hoteli walitoka kwenda kuokota watu walioshikilia magodoro na mbao, na zaidi ya watu 600 walirudi wakiwa hai. Kabla ya hapo, 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka hapa Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Sisi wa rika langu tunakumbuka jinsi mji ulivyokuwa juma lile. Wengi wa waliokufa walikuwa wakivuka maji yale asubuhi na jioni maisha yao yote, na hawakuwa wamefundishwa hata kuelea.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu huuita Pirates, siku ya Idi au ya mwaka mpya haupitiki. Watu huja kwa mabasi kutoka bara, wengine wanaiona bahari kwa mara ya kwanza. Hukodi matairi ya ndani ya lori, hujaza hewa, huingia. Maji yakiwa yamekupwa hutembea mbali wakifurahia, na hawajui kwamba siku za bamvua maji ya hapa hupanda zaidi ya mita tatu, kwamba pale waliposimama magotini saa saba, saa kumi patakuwa na kina cha kumfunika mtu mrefu. Tairi halizami, lakini hupeperushwa, na aliyelipanda akishtuka hushuka ili arudi kwa miguu.

Kwa hiyo mtihani wetu tumeutengeneza kwa maji yetu. Vipimo vya wenzetu tunavijua na tunavitumia: Australia mwanafunzi huogelea mita 400 chini ya dakika 9, Uingereza, kwa waokoaji wa chama cha RNLI, mita hizo hizo kwa dakika 7 na nusu. Lakini kijana wetu lazima pia anieleze, bila kutazama simu, leo ni mwezi ngapi kwa hesabu ya mwandamo, maji yatajaa saa ngapi, na mkondo wa mlango wa mwamba utatoka upande gani kusi kikiwa kinavuma. Hilo hafundishwi na mimi. Tuna mzee mvuvi ambaye huwapanga mchangani na kuwauliza mmoja mmoja. Asiyejua humwambia, "Rudi kesho, mwanangu, uje na jibu," wala hakasiriki. Kisha tunapandisha watu juu ya kibanda cha miti, kirefu mfano wa dungu la kulindia mpunga, na huko wanajifunza kugawana bahari: wewe kutoka kwenye boti ya bluu hadi kwenye mwamba, mwenzako kutoka kwenye mwamba hadi kwenye miti. Kila baada ya nusu saa wanabadilishana, kwa kuwa macho huchoka kabla ya miguu.

Tatizo letu kubwa halijawa uchache wa vijana. Ni kwamba mahali pengi nilipofanya kazi waokoaji huitwa sikukuu ikikaribia na kuachwa ikipita. Unamfundisha mtu mpaka macho yake yanakuwa macho ya kazi, na Januari unamkuta kwenye kituo cha bodaboda. Desemba inayofuata unaanza na wengine. Kusi kinapovuma katikati ya mwaka, na mikondo ni mikali kuliko wakati wowote, na watoto wamefunga shule kwa likizo ya Agosti, dungu liko tupu.

Katika barua ninazoandika kuomba bajeti huweka tarehe mbili katika aya ya kwanza: 24 Novemba 1877, Huron ilipopanda mchangani, na 1 Desemba, kituo cha jirani kilipotakiwa kufunguliwa. Mwaka huu nimeomba nafasi sita za mwaka mzima, mbili kati yake za wasichana, redio mbili za mkononi, na sharti liandikwe katika mkataba kwamba mwokoaji aliye juu ya dungu haagizwi kazi nyingine yoyote na mtu yeyote.